Mwenye Ruhusa ya Kumtaja Mchawi

Wachambuzi wengi wa The Crucible huanza kwa kutuambia kwamba tamthilia hiyo haihusu uchawi. Wana sababu zao. Arthur Miller aliipandisha jukwaani New York Januari 1953, wakati Seneta Joseph McCarthy na wenzake walipokuwa wakiwasaka Wakomunisti katika ofisi, vyuo na studio za filamu za Marekani. Miller akarudi nyuma hadi Salem, Massachusetts, mwaka 1692, akakuta huko kesi za uchawi zilizofanana mno na mambo aliyokuwa akiyaona, akazigeuza mchezo. Mwaka 1956 mchezo ukamgeukia mwenyewe: kamati ya Bunge ilimwita, ikamtaka ataje majina ya waandishi aliokutana nao kwenye mikutano ya Wakomunisti. Alikataa. Mwaka 1957 akatiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka uliofuata hukumu hiyo ikafutwa katika rufaa.

Lakini mpe tamthilia hiyo msomaji wa Kagondo, iwe Kagondo ya Manispaa ya Bukoba au ile ya Muleba yenye hospitali ya misheni, uone kama maelezo hayo yatamtosha. Huku mchawi si fumbo la Mkomunisti. Omulogi ni mtu mwenye jina, mwenye kibanja, mwenye wakwe na majirani, na anayemtaja ana jina vilevile. Kwa hiyo nataka kuisoma The Crucible kwa maana yake ya wazi kabisa, ile ambayo wasomi huiruka: ni tamthilia ya watu wanaotuhumiwa uchawi na ya watu wanaopata madaraka kutokana na tuhuma hizo. Ikisomwa hivyo, na ikawekwa kando ya historia ya Kagera na Kanda ya Ziwa, kuna mahali inatusaidia sana na kuna mahali inatupoteza.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wasichana wamefumaniwa usiku wakicheza ngoma msituni. Mmoja wao, binti wa Mchungaji Parris, amelala kitandani haamki. Ngoma ni dhambi na wanajua fimbo inawasubiri. Anayebanwa kwanza ni Tituba, mtumwa kutoka Barbados, ambaye hana wa kumsemea: akiri au afe. Anakiri, na dakika hiyohiyo anaacha kuwa mshtakiwa anakuwa shahidi, anabembelezwa aseme zaidi, awataje aliokuwa nao. Abigail Williams, yatima anayelelewa kwa mjomba wake, anauona mlango ulivyofunguka. Anapita humohumo. Sehemu ya kwanza inakwisha majina yakimwagika.

Watu waliokuwa hawana lolote, mtumwa, yatima, mtumishi wa ndani kama Mary Warren, ghafla wana neno lenye uzito kuliko mashamba ya Thomas Putnam na sala zote za Bibi Rebecca Nurse. Wasomaji wengi huishia hapo na kumtupia Abigail mzigo wote. Nadhani hapo Miller ametutega, na pengine alijitega mwenyewe. Abigail wa historia alikuwa mtoto wa miaka kama 11, na John Proctor mzee wa miaka 60 hivi. Miller alimwongezea binti umri, akampunguzia mzee, akapata penzi la siri na kisasi cha mwanamke aliyeachwa. Jukwaani linapendeza. Katika kuchambua madaraka linaharibu, kwa sababu mtazamaji anapewa msichana wa kumchukia na anasahau kukikagua kiti cha hakimu. Neno la mtoto peke yake halinyongi mtu. Linanyonga pale tu mwenye kiti anapoamua kulipokea kuwa ushahidi.

Mwenye kiti ni Danforth, naibu gavana, na hoja yake ndiyo moyo wa tamthilia. Uchawi, anasema, ni kosa lisiloonekana. Wanaolijua ni wawili, aliyeloga na aliyelogwa. Aliyeloga hatajishtaki, basi kilichobaki ni kumwamini aliyelogwa. Ukiisikia haraka unaweza kuitikia. Isikilize tena: kosa lisiloweza kuthibitishwa limegeuzwa kuwa kosa lisiloweza kukanushwa. Yote mengine mle mahakamani yanatiririka kutoka hapo. Majirani 91 wanatia saini karatasi ya kuwatetea wanawake walioshtakiwa. Inaamriwa wote waletwe wahojiwe. Mzee Giles Corey anadai Putnam amemtuma binti yake amtaje jirani ili ardhi ya jirani iuzwe. Anakataa kumtaja aliyemtonya, na anayekamatwa ni yeye. Mary Warren anakiri kwamba kuzimia kwake na kwa wasichana wenzake kulikuwa kujifanya. Anaambiwa azimie sasa hivi, hawezi, na kushindwa huko kunahesabiwa dhidi yake.

Kisha linakuja lile linalotisha kuliko yote. Mchungaji Hale, aliyekuja Salem na vitabu vyake kuwasaka wachawi, sasa anaomba wafungwa waongezewe muda. Danforth anakataa. Watu 12 wameshanyongwa kwa kosa hilohilo, na akimwachia wa 13 watu watauliza juu ya wale 12. Waliokufa wamekuwa sababu ya wengine kufa.

Salem halisi iliwanyonga watu 19, wengi wao wanawake, ikamponda Giles Corey kwa mawe mpaka akakata roho, na wengine wakafia gerezani. Oktoba 1692 Gavana William Phips aliivunja mahakama ile maalumu. Jambo moja Miller amelishika barabara: waliokiri walipona, waliokana ndio walionyongwa. Mahakama ile ilihitaji majina mapya kuliko ilivyohitaji maiti, na mwongo aliyekiri ndiye aliyekuwa na majina ya kutoa.

Putnam tunamjua hata huku. Utajiri wa Buhaya ni kibanja: migomba, kahawa, maharage chini yake, na makaburi ya mababu humohumo. Nani atabaki na kibanja ni swali ambalo limewahi kuamuliwa na ikulu. Katika falme za Ihangiro, Kihanja, Kiziba na nyinginezo, Mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa mtu wake eneo kwa utaratibu wa nyarubanja, na mwenye shamba akajikuta mpangaji katika ardhi alimozikwa babu yake, akilipa kodi kwa bwana ambaye hakumchagua. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, na nyarubanja ikavunjwa kwa sheria ya 1965. Ndani ya ukoo, hata hivyo, swali lilibaki palepale, na lilimwangukia zaidi mwanamke.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, akiegemea kanuni za mila za Kihaya: binti anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, kuliuza hawezi. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inambagua mwanamke na inakwenda kinyume cha Katiba. Wanasheria wanaiita kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, na inasomwa mbali na Kagera.

Uchawi haukutajwa katika kesi hiyo. Naileta hapa kwa sababu inauonyesha mchana kweupe, kwa shilingi na kwa mihuri, mgogoro ambao tuhuma ya uchawi huusema gizani. Mjane asiye na mtoto wa kiume, aliyekalia ekari ambazo shemeji zake wanazitaka, anaweza kuwashinda mahakamani. Hakuna mahakama ya rufaa kwa mnong'ono. Akishaitwa omulogi, jirani haji tena kuomba moto, watoto wanafunzwa kupita upande wa pili wa njia, na kila jeneza linalotoka kijijini linaongeza uzito wa kesi ambayo hajawahi kusomewa. Akiondoka kwa kuchoka, kibanja kimebaki. Putnam hakuwa na akili zaidi ya hiyo.

Kagera ilipata mtihani mgumu kuliko wa Salem, na namna ilivyoupita inastahili kutajwa. Baada ya vita vya kumng'oa Idi Amin vya 1978 na 1979, magendo yalishamiri mpakani. Ukaja ugonjwa uliowakondesha vijana na kuwaua, wafanyabiashara wakitangulia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na hospitali ya Ndolage huko Kamachumu, si mbali na Kagondo, ni miongoni mwa zile zilizoanza kuwapokea. Watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikipendwa. Maelezo ya kwanza yaliyoenea yalikuwa ya uchawi: Wahaya waliowadhulumu wafanyabiashara wa Uganda, ilisemwa, walikuwa wakilipizwa kwa kulogwa.

Tazama maelezo hayo yalivyoketi. Mlogaji yuko ng'ambo ya mpaka, hana sura, na aliyelogwa ana hatia ya dhuluma. Ni uchawi unaomlaumu aliyekufa kwa tamaa yake na hauhitaji kumkata mtu wa jirani. Kifo kilipoingia kwenye nyumba zisizojua magendo, maelezo hayo yakaishiwa nguvu, na kidole kikaanza kurudi ndani: kwa mjane aliyebaki hai, kwa mke mwenza, kwa shangazi asiyependwa. Kilichopunguza makali, kwa maoni yangu, ni kwamba vipimo na uuguzi viliweka ushahidi mwingine mezani. Mwenye jibu la maabara mkononi ana la kumjibu Danforth. Asiye nalo anabaki kuapa.

Sasa tutafute kiti cha Danforth kiko wapi kwetu, maana hapo ndipo tamthilia inapotupoteza. Salem ina jengo moja, mahakama moja, sheria moja inayosema mchawi afe. Ukiivunja mahakama, jambo limekwisha, kama Phips alivyofanya. Tanzania haina mahakama inayomhukumu mchawi kifo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo sasa ni Sura ya 18, inaadhibu kujidai una uchawi, kumiliki vifaa vyake, kuutumia ili kudhuru, na pia kumhusisha mwenzio nao. Kwa maandishi, mtaja mchawi ni mhalifu. Hata hivyo kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na mikoa ya Mwanza na Shinyanga ikabeba sehemu kubwa ya vifo hivyo. Kila aliyewahi kusoma magazeti ya Kanda ya Ziwa anayajua maneno ya habari hizo: bibi kizee, macho mekundu, mapanga, wauaji wa kukodiwa, ramli chonganishi. Macho mekundu, kwa bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni zenye moshi au kwa kinyesi cha ng'ombe, ni alama ya jiko.

Kiti cha kwanza, basi, ni cha mpiga ramli. Ana hoja ileile ya Danforth na hana hata karani wa kuiandika. Anayemjia amefiwa au anauguliwa, na mara nyingi amekuja na jina lake moyoni. Kazi ya ramli ni kulitia muhuri. Tofauti na Salem, hapa hakuna mshtakiwa anayesimama kujitetea, kwa sababu kesi inasikilizwa asipokuwapo. Bibi anapata habari ya hukumu siku ya utekelezaji. Kukiri hakumwokoi. Mlango ule wa Tituba, wa aibu lakini mlango, haupo.

Kiti cha pili kilitengenezwa na wananchi wenyewe. Sungusungu walipoanza Kahama na maeneo jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa jibu la kweli kwa wizi wa ng'ombe uliokuwa umewashinda polisi, na wizi ulipungua. Lakini jeshi la kijiji lililojipa kazi ya kusafisha halikukaa kwenye ng'ombe peke yake. Katika miaka hiyo ya mwanzo wanawake wazee waliotajwa kuwa wachawi walifukuzwa vijijini na wengine wakauawa. Serikali iliwasifu, ikawaonya, na mwishowe mwaka 1989 ikawaweka ndani ya sheria ya mgambo. Sina ugomvi na ulinzi wa jadi. Nasema tu kwamba anayepewa rungu la kumpiga mwizi anayeonekana atalitumia pia kwa adui asiyeonekana, kama hakuna anayemuuliza ushahidi.

Kiti cha tatu ni cha dola, na hapa historia yetu ina kisa ambacho Miller angekigombania. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamua kuyakomesha mauaji ya vikongwe Usukuma. Nia ilikuwa njema kuliko nia zote zilizotajwa hadi sasa. Polisi na maofisa wa usalama wakamwagwa Mwanza na Shinyanga, mamia ya watu wakakamatwa kwa kushukiwa kuwaua wachawi, na ili wakiri, wakateswa. Wengine walifia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere na uchunguzi ukafanyika, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mapema mwaka 1977 ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu; waziri mwenzake na wakuu wa mikoa hiyo miwili wakaondoka pia, na baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani.

Watanzania hukikumbuka kisa hicho kama somo la uwajibikaji, na Mwinyi alistahili heshima aliyopewa. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri. Ila sifa ya kujiuzulu imekifunika kiini. Waliokuwa wakiteswa ni watu wa upande wa pili kabisa wa kesi: walituhumiwa kuwaua wachawi. Danforth alikuwa amevuka ukumbi na sasa anawatetea vikongwe, na bado njia yake ilikuwa ileile: kosa la usiku, mashahidi hawapatikani, basi mwili wa mshukiwa utoe ushahidi. Hapo ndipo naiona hoja kubwa ya The Crucible ikithibitika nje ya Salem kuliko hata ndani yake. Matumizi mabaya ya madaraka katika mambo haya hayategemei kama mwenye madaraka anaamini uchawi au anaupinga. Yanategemea anachokubali kukiita ushahidi.

Mahakama zetu rasmi zimehangaika na jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisikiliza rufaa kutoka Uganda, Rex dhidi ya Fabiano Kinene, ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaisoma. Watu walikuwa wamemuua mwenzao waliyemkuta usiku akitambaa uchi kwenye ua wao, wakiamini anawaloga. Majaji walikubali kwamba imani ya namna hiyo, mtu akikutwa katika tendo lenyewe, inaweza kuwa uchokozi wa kushusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Ni uamuzi wa huruma kwa walio hai. Kwa aliyekufa una madhara: mahakama isiyoamini uchawi inajikuta inachunguza marehemu alikuwa akifanya nini usiku ule, kana kwamba ndiye aliye kizimbani.

Kwa jirani zetu hali haijawa nyepesi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto Kisii, Kenya. Oktoba 2021 wanawake wanne wakauawa kaunti hiyohiyo. Mwaka 2001, karibu na Aru, kaskazini mashariki mwa Kongo, mamia waliuawa katika wiki chache wakati vita vimeifuta dola. Salem ilihitaji serikali ili iue. Aru ilihitaji serikali isiwepo.

Naweka kando ya hayo mfano unaokwenda kinyume, kwa sababu wanaoandika juu ya uchawi husahau kwamba watu wetu wamebuni pia taratibu zisizoua. Ihowanja, huko Ulanga, kwa miongo kadhaa Bibi Kalembwana alipokea watu kutoka wilaya nyingi waliokuja kunyolewa nywele na kunywa dawa ya kuondoa uchawi. Utaratibu wake ulikuwa na jambo ambalo Danforth asingelivumilia: mtuhumiwa na mtuhumu walinyolewa wote wawili. Mtu aliyemburuta shangazi yake hadi pale alikalishwa naye mkekani na kichwa chake kikapita chini ya wembe uleule. Wakirudi nyumbani, hakuna aliyetangazwa mshindi. Simwombei mtu yeyote anyolewe kwa nguvu, na walikuwepo walioletwa kwa kusukumwa. Lakini kwa kupima madaraka, ule ulikuwa mkono mwepesi kuliko wa mpiga ramli, wa sungusungu na wa dola ya 1976, na siri ilikuwa kumnyima mtaja faida ya kutaja.

Hatari mpya imejipenyeza kwa njia nyingine. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa Kanda ya Ziwa kwa ajili ya viungo vyao. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa miaka miwili aliporwa kutoka mikononi mwa mama yake Kamachumu, Muleba; mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata ukiwa umekatwa viungo, na polisi wakatangaza kuwakamata watu tisa. Hili ni jambo tofauti na la Salem. Mtoto hatuhumiwi lolote. Anachinjwa kwa ajili ya anayetaka mali au cheo. Kinachoyaunganisha ni mtu wa katikati, yule mwenye ruhusa ya kusema dawa inahitaji nini na adui ni nani. Serikali ilijaribu kumzuia kwa tamko: Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta vibali vya waganga wote wa jadi, na Januari 2015 yakaja marufuku mengine. Abafumu wanaojua mizizi na magome, ambao Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua, wakachanganywa kapu moja na wapiga ramli. Tamko linalokamata wote halimkamati yeyote kwa muda mrefu.

Nirudi kwenye fasihi, maana kuna tamthilia yetu inayopaswa kusomwa sambamba na hii. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, mtu aliyepagawa na pepo Hongo anawapa watu maji na neno la umoja. Neno linamkimbia. Anaanza kulitilia shaka yeye mwenyewe, lakini limeshakuwa kubwa kuliko yeye, na vita vya Maji Maji vinapiganwa kwa jina lake bila idhini yake. Mwisho, gerezani, Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Katika The Crucible, John Proctor anatakiwa atie saini kwamba ameshirikiana na Shetani. Anatia, kisha anaichana karatasi na kwenda kunyongwa.

Wanafunzi hupenda kuwafananisha kwa ushujaa. Mimi naona tofauti yao ina mafunzo zaidi. Proctor anakataa kusema uongo ili jina lake na la watoto wake libaki safi. Kinjeketile anakataa kusema jambo ambalo huenda ni kweli, kwa sababu anajua wenye nguvu watalitumia kuuzima umoja wote uliozaliwa nalo. Wa kwanza anailinda nafsi, wa pili analilinda neno la umma. Kwa wote wawili dola imekuja ikitaka kitu kimoja, kukiri, na imekitaka kwa sababu mwili peke yake hautoshi: aliyeuawa akiwa kimya anaacha maswali. Nadhani Hussein ameona mbali kuliko Miller hapa. Kwa Miller, ukweli upo tayari na mtu anachotakiwa ni ujasiri wa kuusema. Hussein anajua kwamba anayeamua swali lipi liulizwe ameshashika nusu ya jibu. Ukitaka kuona upana wa imani hii katika maandishi ya Kiswahili, ongeza Swifa ya Nguvumali ya Hasani bin Ismail, iliyochapishwa 1968, juu ya mganga aliyesifika kwa kufichua wachawi, na riwaya ya Gabriel Ruhumbika, Janga Sugu la Wazawa, inayoiangalia imani hiyo bila kuipamba.

Kama kikundi chochote cha vijana wa Kagera kitaamua kuicheza The Crucible, ningekishauri kimpunguzie Abigail nafasi, kimrudishie utoto wake, na muda utakaookolewa apewe Danforth. Avalishwe nguo za kila mmoja wa wenye viti vyetu, onyesho hili mganga, lile kamanda wa sungusungu, jingine ofisa wa upelelezi, na maneno yasibadilike hata moja. Watazamaji watajua wenyewe wacheke wapi.

Danforth wa nne asisahauliwe, huyu ana ofisi na bendera. Sheria ya Uchawi, hata katika toleo la 2002 la sheria za nchi, inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumchunguza mtu anayetuhumiwa uchawi na kumwamuru akaishi mahali atakapopangiwa, bila kupita mahakamani. Mkoloni alikiweka kifungu hicho ili aweze kumhamisha mtu kwa minong'ono pale ushahidi unapokosekana. Bibi wa Muleba hawezi kuhojiana na minong'ono, na Mkuu wa Wilaya hana utaalamu wa kuipima. Wabunge wa Kagera wakipeleke bungeni kifungu hicho, kifutwe.